Aliyeomba Wahubiri kwa Ajili ya Milima

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, walimu, na ninyi wanafunzi mlioacha madaftari yenu jioni hii mkaja kukaa na mimi, Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Mliponialika mlinipa tarehe, mkaniachia mada nichague mwenyewe. Nilipoitazama tarehe, mada ikawa imekwisha kupatikana.

Leo ni 29 Mei. Siku kama ya leo, mwaka 1593, mhubiri wa miaka 30 alikuwa gerezani London, anakula chakula cha mchana. Kabla hajainuka mezani, maofisa waliingia wakamwambia ajiweke tayari, kwa kuwa anakufa jioni hiyo hiyo. Hawakumpa hata usiku mmoja wa kusali. Saa kumi na moja jioni walikuwa wamekwisha kumfikisha mahali palipoitwa St Thomas-a-Watering, kando ya barabara ya kwenda Canterbury, penye kijito ambako mahujaji wa zamani walinywesha farasi wao. Hapo wakamnyonga. Hakuruhusiwa kusema neno na watu, na watu wenyewe walikuwa wachache, maana habari haikuwa imetangazwa. Aliacha mke kijana na mabinti wanne, na hata yule mkubwa hakuwa amezidi miaka minne.

Aliitwa John Penry. Kwao ni Wales, nchi ya milima iliyo magharibi ya Uingereza. Huko mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati wakaweka neno "ap", kama sisi tunavyoweka "bin". Ap Henry ni bin Henry. Ulimi ulipoyazoea maneno hayo mawili yakaungana, yakawa Penry. Alizaliwa mwaka 1563 katika shamba la Cefn-brith, chini ya milima ya Epynt. Ni nchi ya kondoo na mvua. Lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya kumwita mbwa na ya kumwombolezea marehemu ilikuwa moja tu, Kiwelisi.

Niwaombe subira kidogo niwaeleze hali ya Kiwelisi wakati huo, maana kesi yote inaanzia hapo. Mwaka 1536 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuiunganisha Wales na Uingereza. Ndani yake ilisemwa kwamba mahakama zitaendeshwa kwa Kiingereza, na asiyekijua Kiingereza hatashika wadhifa wowote wa serikali. Maana yake ni kwamba mkulima wa Epynt akishtakiwa kwa ng'ombe aliyepotea, anasimama mbele ya hakimu asielewe anachosomewa. Sasa weka juu ya hapo mambo ya dini. Uingereza ilikuwa imejitenga na Roma, na ibada ya Kilatini ikaondolewa kwa hoja moja nzuri sana, kwamba watu wasali kwa lugha wanayoielewa. Kwa hiyo Kilatini kikatoka, Kiingereza kikaingia. Kwa mama wa Epynt kilichobadilika ni nini? Jana alisikiliza lugha asiyoijua, na leo anasikiliza lugha nyingine asiyoijua.

Wapo walioliona kosa hilo. Mwaka ule ule aliozaliwa Penry, 1563, Bunge liliwaagiza maaskofu wa Wales wahakikishe Biblia na kitabu cha sala vimetafsiriwa kwa Kiwelisi ifikapo tarehe 1 Machi 1567. Mwaka 1567 likatoka Agano Jipya, kazi ya William Salesbury kwa sehemu kubwa, pamoja na kitabu cha sala. Agano la Kale halikutoka. Mtoto Penry akakua, akatoka ndevu, Agano la Kale bado.

Mwaka 1580 alipelekwa Cambridge, chuo cha Peterhouse, kisha akaenda Oxford, na mwaka 1586 akatoka huko na shahada ya pili. Kijana wa mlimani mwenye shahada ya pili alikuwa na njia nyeupe mbele yake. Angepewa parokia nzuri Uingereza, nyumba ya mawe, zaka inaingia kila mwaka, na kwao angepasikia kwa barua tu. Wawelisi wengi wasomi walifanya hivyo. Lakini huko vyuoni alikutana na wale walioitwa Wapuritani, watu waliosema kanisa la Uingereza limetoka Roma nusu njia tu. Ndani yake ikawaka hasira, na hasira hiyo haikuwa ya nafsi yake.

Alichokiona ni hiki. Mchungaji mmoja aliandikiwa parokia tatu, nne, zote anazichukulia zaka, na yeye mwenyewe anaishi mbali. Mahali pengine amewekwa msomaji, naye anasoma sala haraka haraka, hakuna anayefundishwa kitu. Penry aliandika kwamba penye parokia moja inayosikia mahubiri mara moja kwa robo ya mwaka, ziko ishirini zisizosikia kabisa. Naomba mlipime neno hilo. Huyo mwenye bahati anahubiriwa mara nne kwa mwaka!

Basi mwaka 1587 akaandika risala. Neno risala tunalijua vizuri. Mgeni rasmi akija, mmoja wetu husimama akamsomea shida zetu kwa adabu. Ndivyo alivyofanya. Ilikuwa risala kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza na kwa Bunge, kwa niaba ya nchi ya Wales, kuomba wahubiri. Ilichapwa Oxford, ikafikishwa bungeni mwezi Februari. Hakuomba fedha wala ardhi, na hakuomba mtu yeyote aondolewe kitini. Aliomba watu wa kuwafundisha watu wake Neno la Mungu kwa lugha yao.

Katika risala hiyo kuna mahali ambapo kila nikipafikia huweka kitabu chini. Penry anajua kwamba atajibiwa: haiwezekani kuhubiri kwa Kiwelisi, lugha hiyo haina maneno ya kutosha kueleza mambo makubwa ya Mungu. Anajibu kwamba inawezekana. Tuna maneno mengi, anasema, kama lugha yoyote ya watu ilivyo na maneno. Na pale tunapopungukiwa tutaazima Kilatini, na maneno mageni yatazoeleka kwa kutumiwa. Kijana wa miaka 24 aliandika hayo mwaka 1587. Sisi tunaosema "sala" na "roho" na "shetani" na "shule" na "meza", maneno yaliyokuja kwa jahazi na kwa meli yakakaa kwetu mpaka yakasahau walikotoka mababu zao, tunajua kwamba alisema kweli.

Niwaambie pia kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkristo kwa zaidi ya miaka 50. Alijua lugha ya nyumbani tu. Kwenye kanisa lake mahubiri yalikuwa kwa Kiswahili, hiki hiki ninachokipenda na ambacho ndicho chakula changu. Alikuwa wa kwanza kufika kila Jumapili, anakaa benchi la mbele, mikono imefungwa mapajani, na tukirudi njiani ananiuliza, "Amesemaje mchungaji leo?" Nilikuwa na miaka tisa. Mahubiri yote aliyoyasikia mzee yule katika miaka ile yalipitia kwenye akili ya mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akisinzia. Sikujua wakati ule kwamba lile ni jambo la kuandikiwa risala.

Turudi London. Risala ilisomwa na mtu mmoja kwa makini kuliko wote, naye ni John Whitgift, Askofu Mkuu wa Canterbury. Penry alikamatwa akafikishwa mbele ya mahakama ya kanisa iliyoitwa Tume Kuu, na nakala za kitabu zikakamatwa. Kosa lilikuwa nini? Alikuwa ameandika kwamba watu huokolewa kwa kawaida kwa kuhubiriwa Neno, na kwamba mchungaji asiyehubiri si mchungaji. Wakubwa wakaona mara moja neno hilo linakoelekea. Kama asiyehubiri si mchungaji, basi maelfu ya watu wanaokula zaka ya kanisa la Malkia si wachungaji, na aliyewaweka amekosea. Na Malkia ndiye aliyekuwa mkuu wa kanisa. Hapo ndipo ombi la wahubiri lilipogeuzwa kuwa jambo la usalama wa taifa.

Masimulizi yaliyoenea baadaye kuhusu kikao hicho yanasema Askofu Mkuu alimwambia kwamba aliyoyaandika ni uzushi, na atayakana kama uzushi. Penry akajibu kwamba, Mungu akipenda, hatayakana kamwe maadamu yu hai. Wakamtupa gerezani karibu mwezi mmoja, kisha wakamwachia.

Hapa lazima niwe mwadilifu, maana nisingependa mtoke mkidhani Whitgift alikuwa adui wa Kiwelisi. Wakati huo huo alikuwapo mchungaji mwingine wa Wales, William Morgan, mtu mpole na msomi wa Kiebrania, aliyekuwa akitafsiri Biblia nzima peke yake parokiani kwake. Mwaka 1588 Biblia hiyo ikatoka. Na aliyemtia moyo, akamsaidia hata kwa gharama, ni Whitgift huyu huyu. Wawelisi mpaka leo husema kazi ya Morgan ndiyo iliyoiokoa lugha yao isife, nami naamini wana haki. Kwa hiyo mkono mmoja uliisaidia Biblia ya Kiwelisi kuzaliwa na, miaka mitano baadaye, ukatia sahihi karatasi ya kumnyonga Mwelisi. Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Jibu nililolipata ni kwamba Whitgift aliweza kuwapa Wawelisi kitabu, lakini hakuweza kuvumilia Mwelisi amwambie kwamba ana deni. Morgan alipokea kwa shukrani. Penry alidai. Kwa mtawala, kilio ni kimoja, ila hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Niongeze neno moja juu ya Biblia ile, kisha niendelee. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye Biblia za Kiwelisi zilikuwa haba tena, na watu wa Wales, wakiongozwa na Thomas Charles wa Bala, wakaenda London kulia shida yao. Kutokana na kilio hicho, mwaka 1804 kikaundwa chama cha kusambaza Biblia, Uingereza na nchi za nje. Chama hicho ndicho kilichokuja kuchapisha Maandiko kwa Kiswahili katika karne ya 19. Wale bibi zetu waliosoma Injili kwa Kiswahili walifikiwa na mkondo wa maji ulioanzia kwenye milima ile.

Sasa Penry. Alipotoka gerezani hakunyamaza. Mwaka 1588 akaandika tena, mara hii kwa maneno makali zaidi, akiwaonya watawala wa Wales na maaskofu wake. Tarehe 5 Septemba mwaka huo akamwoa Eleanor Godley wa mji wa Northampton. Sijui kama binti yule alijua anaingia katika maisha gani. Mwezi uliofuata kikatokea kitu kilichoitikisa Uingereza yote.

Lazima nieleze kwanza kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuchapa kitu bila idhini ya kanisa. Alikuwapo mchapaji mmoja London, Robert Waldegrave, aliyechapa vitabu vya Wapuritani. Aprili 1588 walimvamia, wakavunjavunja mtambo wake na kuharibu herufi zake. Waldegrave aliokoa kisanduku cha herufi kwa kukificha chini ya joho lake, akaondoka nacho barabarani. Kisanduku kile, na mtambo uliopatikana baadaye, ndivyo vilivyokuwa mikononi mwa Penry kuanzia vuli ile. Vikaanza kutoka vijitabu vyenye jina la Martin Marprelate, jina la kubuni lenye maana ya Martin mharibu maaskofu. Viliwacheka maaskofu, vikawataja kwa majina, vikaeleza nani anacheza michezo siku ya Bwana na nani hajalipa deni. Watu walivinunua kwa siri, wakavisoma kwa sauti, wakavunjika mbavu.

Je, Penry ndiye Martin? Mwenyewe alikana, na wanazuoni wengi leo humtaja Job Throkmorton, bwana mmoja wa Warwickshire, kuwa ndiye mwenye kalamu. Kazi ya Penry ilikuwa mtambo. Mtambo wa kuchapia ni dubwasha la mbao na chuma, halifichiki mfukoni. Ulianzia East Molesey karibu na London, ukahamishiwa Fawsley, kisha Coventry, kisha Wolston, kila mara kwenye nyumba ya mwenyeji mwingine aliyehatarisha kichwa chake. Penry, mtu wa shamba la kondoo, alionekana njiani amevaa joho refu la rangi ya samawati lenye ukosi wa nakshi za dhahabu na fedha, upanga kiunoni, ili wanaomtafuta mchungaji waone bwana wa mjini akipita.

Mtambo mwingine ulikuwa safarini kuelekea Manchester, kwa mkokoteni, chini ya mchapaji mwingine aitwaye John Hodgkins. Walipofika Warrington wakawa wanapakua. Baadhi ya herufi zikaanguka chini, watu wakasogea kuzitazama vile vipande vidogo vya chuma visivyoeleweka. Hodgkins akawaambia ni risasi za bunduki. Katika Kiswahili neno hilo lina mengi, maana herufi zile zilitengenezwa kwa risasi, ile madini laini nzito. Na waliokuwa wakizitafuta walizihofu kuliko za bunduki. Agosti 1589 wakamkuta Hodgkins kazini nje ya Manchester, wakamkamata na wenzake, mtambo ukachukuliwa.

Nitasema nisichokipenda kuhusu Penry, kwa sababu nikimsifu tu nitakuwa namdanganya yeye na ninyi. Maneno yake yalikuwa mazito mno nyakati nyingine. Aliwaita maaskofu majina ambayo mimi nisingemwita mtu aliyekwisha kubatizwa. Na jambo jingine: yeye aliyetetea kuhubiri kwa Kiwelisi, vitabu vyake vyote vilivyochapwa ni vya Kiingereza. Naelewa sababu, alikuwa anaongea na wenye mamlaka, na wenye mamlaka hawakujua Kiwelisi. Lakini mama wa Epynt hakupata hata ukurasa mmoja kutoka kwake. Hilo linaniuma, na nadhani hata yeye lilimuuma.

Alikimbilia Uskoti. Malkia Elizabeth akamwandikia Mfalme James amfukuze, amri ya kumfukuza ikatolewa mwaka 1590, lakini wachungaji wa Uskoti wakamficha. Akaishi huko karibu miaka mitatu, akiandika na kutafsiri, watoto wakizaliwa. Angeweza kubaki. Septemba 1592 akarudi London.

Hapo amebadilika. Amekata tamaa ya kulirekebisha kanisa la Malkia, akajiunga na kundi la watu waliojitenga nalo kabisa. Viongozi wao wawili, Henry Barrow na John Greenwood, walikuwa gerezani. Wengine walikutana kwa siri katika nyumba na katika msitu wa Islington, nje ya mji. Walimwomba ashike cheo kati yao, akakataa. Alisema nia yake bado ni kwenda kuhubiri kwa watu wake wa Wales. Mwezi Machi 1593 mkutano wa msituni ukavamiwa, watu zaidi ya 50 wakakamatwa. Mwezi huo huo, tarehe 22, Penry alitambuliwa na mchungaji wa parokia ya Stepney, akakamatwa.

Sasa sikilizeni alivyohukumiwa. Walipata shida kumshtaki kwa vitabu vyake, kwa sababu sheria ya uchochezi ilikuwa na ukomo wa muda, na muda ulikuwa umepita. Wakapekua karatasi zake binafsi. Humo wakakuta rasimu, mistari iliyoandikwa ovyo ovyo alipokuwa Uskoti, ya barua ambayo alifikiria kumpelekea Malkia. Hajaimaliza, hajaituma, hajamwonyesha mtu. Ilikuwa na maneno makali kwamba Malkia anaizuia Injili. Kwa mistari hiyo wakamsomea mashtaka tarehe 21 Mei, wakamhukumu kifo tarehe 25. Penry aliuliza swali ambalo hakujibiwa: mtu anawezaje kuwachochea watu kwa maneno ambayo watu hawajayaona? Kila mmoja wetu ana daftari. Kila mmoja wetu amewahi kuandika usiku jambo ambalo asubuhi alilikata kwa mstari. Yeye alinyongwa kwa jambo kama hilo.

Barrow na Greenwood walikuwa wamenyongwa tarehe 6 Aprili. Penry alijua kinachokuja. Eleanor alihangaika kwa wakubwa akiomba aruhusiwe kumwona mumewe, na alivunjwa moyo zaidi ya mara moja.

Katika siku zake za mwisho alimwandikia Lord Burghley, waziri mkubwa wa Malkia. Barua hiyo imesalia. Anajitambulisha kwa maneno haya: mimi ni kijana maskini, niliyezaliwa na kulelewa katika milima ya Wales. Anasema yeye ni wa kwanza, tangu Injili ilipochipuka upya zama zile, kufanya kazi hadharani ili mbegu yake ipandwe katika milima ile kame. Na kwa kuwa sasa anaimaliza safari kabla ya kufika nusu ya miaka ambayo mtu hutarajia kuishi, anawaachia kazi hiyo watu wa nchi yake ambao Bwana atawainua baada yake. Hakuna tusi ndani yake. Yale maneno makali ya mwaka 1588 yameisha. Amebaki yule kijana wa risala ya kwanza, bado anaomba wahubiri.

Karatasi ya kumnyonga ilipotiwa sahihi, jina la kwanza lilikuwa la Askofu Mkuu Whitgift. Ilikuwa tarehe 29 Mei, na jioni hiyo hiyo, kama nilivyowaambia, wakamaliza kazi. Ilipita miaka 46 ndipo kanisa la kwanza la waliojitenga likaanzishwa ndani ya Wales yenyewe, kule Llanfaches, mwaka 1639. Baada ya hapo waliongezeka mpaka nchi ile ikajaa makanisa madogo ya mawe, kila kijiji na lake, yakihubiri kwa Kiwelisi.

Nimeiacha barua moja makusudi. Tarehe 10 Aprili, siku nne baada ya wenzake kunyongwa, Penry aliwaandikia mabinti zake, waisome watakapokuwa wakubwa. Majina yao nitawatajia kwanza kama yalivyo: Deliverance, Comfort, Safety, Sure-Hope. Mkiyaweka katika Kiswahili mtawakuta mtaani kwetu, wanacheza rede: Wokovu, Faraja, Salama, na Tumaini. Alipompa wa mwisho jina la Tumaini la Hakika, alikuwa mtu anayewindwa.

Aliwaambia hana kitu cha kuwarithisha. Amewaachia Biblia nne, kila mmoja yake, na hiyo ndiyo mali na mahari yote aliyo nayo kwao. Akawaomba wawe wema kwa wageni, kwa sababu wao wenyewe wamekuwa wageni na wakapokewa. Na wakiweza, wawafae watu wa Wales, ndugu za baba yao.

Serikali ilipotunga mwaka ule sheria ya kuwafukuza nchini waliojitenga, wengi wa kundi lile walivuka bahari wakaenda Amsterdam, Uholanzi. Eleanor naye akaenda, na watoto wake. Katika daftari la ndoa la mji ule, mwaka 1611, ameandikwa msichana aliyekuja kuolewa na kijana Mwingereza, Samuel Whitaker. Miaka yake, 21. Alikotoka, Northampton. Jina lake, Deliverance Penry.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.